Kusoma, Kukumbuka na Kulala

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Mulot. Wengi wenu mnanifahamu kutoka kliniki ya akina mama na watoto, na wengine mnanijua kama yule anayepita na boda boda siku ya chanjo. Leo sitazungumza juu ya chanjo wala juu ya uzazi. Leo nataka tuzungumze juu ya masomo.

Najua mtauliza, muuguzi na masomo wapi na wapi? Si hiyo ni kazi ya walimu? Nami ningesema hivyo hivyo kama si wagonjwa ninaowapokea kila mwaka kuanzia mwezi wa Septemba, mtihani wa KCSE unapokaribia. Wanakuja na kichwa kinachouma, macho mekundu, moyo unaokwenda mbio, tumbo linalokataa chakula. Mzazi anasema ni malaria. Tunapima damu, na mara nyingi malaria haipo. Ninapomuuliza mtoto analala saa ngapi, yeye hutazama chini, na mzazi hujibu kwa niaba yake, tena kwa fahari: "Huyu, daktari, halali. Taa yake inawaka mpaka alfajiri."

Mwaka mmoja aliletwa msichana wa kidato cha nne. Nimebadilisha mambo machache ya habari yake ili asijulikane, na mama yake ameniruhusu niisimulie. Msichana huyo alianguka akiteka maji mtoni asubuhi na mapema, mtungi ukamwangukia mguuni. Waliomleta walidhani ni kifafa. Nilipokaa naye peke yake akanieleza siku yake inavyokwenda. Anasoma shule ya kutwa na anakwenda kwa miguu. Anarudi nyumbani saa kumi na moja jioni, anakamua ng'ombe, anapika kimyet na mboga, anaosha vyombo, anawaogesha wadogo wake wawili. Anashika kitabu saa nne usiku, wengine wakiwa wamelala. Anasoma kwa koroboi mpaka saa saba, siku nyingine saa nane. Saa kumi na nusu anaamshwa kukamua tena. Ukihesabu, analala saa tatu kwa usiku.

Nikamuuliza, katika kusoma huko unafanya nini hasa? Akasema, "Ninarudia sura. Nikiimaliza naisoma tena." Nikamwomba aniambie kitu kimoja tu alichosoma usiku uliotangulia. Akanyamaza kwa muda mrefu. Machozi yakamtoka. Kisha akasema, "Daktari, nilikuwa nakijua."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandae kipindi hiki, kwa sababu hata mimi nimewahi kuyasema. Nilipokuwa nikisomea stashahada ya uuguzi nilianguka mtihani wa elimu ya dawa, nikalazimika kuurudia. Wala sikuanguka kwa uvivu. Nilikesha nikilamba kahawa kavu, miguu yangu nimeitia katika karai la maji baridi ili usingizi usinichukue. Nilikuwa na kalamu za rangi tatu. Daftari langu lilipendeza kama kitenge. Nilipolitazama usiku ule niliona ninajua kila kitu kilichomo. Kesho yake, karatasi ya mtihani iliponiuliza bila kunionyesha daftari, kichwa kilikuwa kitupu.

Aliyenisaidia alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume, mama mkali. Kila asubuhi alisimama kando ya kitanda cha mgonjwa na kutuuliza: dawa hii inafanya kazi gani, kipimo chake ni kipi, hatari yake ni ipi. Huna kitabu mkononi, na mgonjwa mwenyewe anakutazama. Tulimwogopa kama simba. Lakini dawa nilizoulizwa pale kitandani ninazikumbuka mpaka leo, na zile nilizozipaka rangi ya kijani zimekwenda zake.

Msikilizaji, jambo hili wataalamu wamelipima. Mwaka wa 1885 Mjerumani aitwaye Hermann Ebbinghaus alichapisha kitabu kuhusu kumbukumbu. Alijifanyia majaribio yeye mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana yoyote, kisha akapima ni sehemu gani ya kazi yake iliyobaki. Baada ya saa moja tu, zaidi ya nusu ilikuwa imepotea. Kwa hivyo mzazi, mtoto anayesahau usimwite mjinga. Kusahau ni kazi ya kawaida ya ubongo, kama vile kutoa jasho ni kazi ya kawaida ya ngozi. Kinachotakiwa ni kujua namna ya kuuambia ubongo kwamba jambo hili ni la kuwekwa.

Mwaka wa 2006, huko Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis walitoa matokeo ya majaribio yao. Waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja lilitumia vipindi vinne kukisoma na kukirudia. Kundi jingine lilikisoma kwa kipindi kimoja tu, na vipindi vitatu vilivyobaki likaandika lilichokumbuka bila kukitazama. Baadhi yao walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele: walikumbuka asilimia 83, na waliojikumbusha asilimia 71. Wengine walipimwa baada ya wiki moja, na hapo mambo yaligeuka. Waliorudia kusoma walibaki na asilimia 40. Waliojikumbusha walikuwa na asilimia 61.

Tafadhali lisikie vizuri hilo jambo la dakika 5, maana ndilo linalotudanganya. Kurudia kitabu kunakupa uhakika usiku huo huo. Macho yanayatambua maneno, nawe unasema, ah, hili ninalijua. Lakini kulitambua jambo likiwa mbele yako ni tofauti na kulitoa kichwani likiwa halipo. Unaweza kuitambua sura ya mtu sokoni siku ya soko na usikumbuke jina lake hata kidogo. Mtihani hauulizi sura, unauliza jina. Tena mtihani hauji baada ya dakika 5, unakuja baada ya miezi.

Basi tufanyeje? Nichukue mfano wa hapa kwetu. Tuseme mtoto anasoma jiografia, habari za Mto Mara. Kitabu kinasema mto huo unatoka katika msitu wa Mau, unatokana na mito miwili, Amala na Nyangores, unapita Masai Mara na Serengeti, kisha unaingia Ziwa Viktoria katika nchi ya Tanzania. Asome hayo mara moja, polepole, kwa kuelewa. Halafu afunge kitabu. Achukue karatasi aandike anachokumbuka. Amala ataikumbuka, kwani anapita darajani kila siku. Mau ataikumbuka. Nyangores huenda ikamponyoka. Asikimbilie kufungua kitabu. Ajikaze kidogo, akitafuta kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Kisha afungue, aone alichokosa. Ah, Nyangores, ule mto unaopita karibu na mji wa Bomet! Sasa jina hilo limepata mahali pa kukaa, kwa sababu lilitafutwa likakosekana kwanza.

Kesho yake, kabla ya kusoma jambo jipya, ajiulize tena ya jana bila kufungua kitabu. Arudie baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Dakika 10 zinatosha kila mara. Katika daftari la kawaida aandike maswali ukurasa wa kushoto na majibu ukurasa wa kulia, na anapojiuliza afunike upande wa majibu kwa mkono. Kalamu moja inatosha. Zile za rangi awaachie watoto wa chekechea.

Nisiwafiche, njia hii haipendezi mwanzoni. Mtoto ataona kama anashindwa, maana kila mara anakutana na asichokijua. Anayerudia kusoma anateleza tu kama gari lililo kwenye lami. Anayejiuliza anapanda mlima wa udongo wakati wa mvua. Watoto wengi huiacha siku ya pili na kurudi kwenye lami. Hapo ndipo mzazi anahitajika, hata kama hakwenda shule. Shika daftari la mtoto, mwambie akueleze. Huna haja ya kujua jibu. Ukimuona anababaika utajua, na yeye atajua zaidi yako.

Kuna uzuri mwingine wa njia hii ambao mimi kama mtu wa afya naupenda kuliko wote. Kujiuliza hakuhitaji taa. Hakuhitaji mafuta ya taa, wala meza, wala chumba cha peke yake. Huku Mulot tuna mahindi na ng'ombe, lakini ukipanda kuelekea Silibwet na kuendelea unaingia katika majani chai, na watoto wengi huko huchuma pamoja na wazazi siku ya Jumamosi na wakati wa likizo. Mikono inachuma, kikapu kiko mgongoni, kichwa hakina kazi. Mtoto aweke mfukoni karatasi yenye maswali kumi. Anapofika mwisho wa mstari anatazama swali moja, kisha mstari unaofuata anautumia kulijibu. Anayechunga ng'ombe ndiye aliye na nafasi zaidi. Anayetembea kilomita tatu kwenda shule na tatu kurudi ana karibu saa moja na nusu kwa siku. Wakienda wawili waulizane njiani.

Sasa nirudi kwa usingizi. Watu wengi hudhani mtu akilala ubongo unazimwa kama redio. Sivyo. Tukiwa usingizini ubongo unapanga na kuimarisha yale tuliyojifunza mchana. Mwaka wa 1924 John Jenkins na Karl Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell walijaribu jambo hili kwa wanafunzi wawili tu, na majaribio mengi yamefuata tangu hapo. Wanafunzi walikariri silabi, halafu wakapimwa baada ya saa chache. Walipokuwa wamelala katika saa hizo walikumbuka zaidi kuliko walipokuwa macho kwa saa hizo hizo. Kwa hivyo mtoto anayesoma mpaka saa nane usiku na kuamka saa kumi na nusu amepanda mbegu usiku na kuzifukua alfajiri.

Kijana wa umri wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Mnashangaa? Hata serikali imeandika jambo hili. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka wa 2015 zinasema kwamba katika shule za bweni masomo ya jioni yawe kati ya saa moja na nusu na saa tatu na nusu usiku, na kuanzia saa tatu na nusu mpaka saa kumi na mbili asubuhi wanafunzi wawe wamelala. Hiyo ni saa 8 na nusu. Mzazi mwenye mtoto bwenini, siku ya mkutano wa wazazi uliza kengele ya kuamka inapigwa saa ngapi. Uliza kwa adabu, lakini uliza. Najua shule nyingi hushindana kuamka mapema, na wazazi ndio wanaozisifu.

Mtoto asiyelala hukasirika upesi, huugua mafua mara kwa mara, na darasani hutazama ubao bila kuuona. Akisinzia saa nne asubuhi, mwalimu anapofundisha jambo jipya, itambidi alisome peke yake usiku. Na usiku huo atakesha tena. Hivyo ndivyo watoto wanavyozunguka mpaka wanaanguka mtoni.

Kuhusu koroboi nitasema machache. Moshi wake unaumiza macho na kifua, na mwanga wake ni hafifu. Nimefunga vidonda vya moto vya mtoto aliyesinzia juu yake. Kama unaweza kupata taa ndogo ya jua, inunue hata kabla ya kununua kitabu cha ziada. Kama huwezi, basi afadhali masomo yafanywe kabla giza halijaingia. Sisi tulio karibu na ikweta jua letu huzama kabla ya saa moja jioni mwaka mzima, kwa hivyo mtoto anayefika nyumbani saa kumi na moja ana saa moja na nusu ya mwanga wa bure. Swali ni nani anaipata saa hiyo.

Hapa nawaomba akina baba na akina mama mnivumilie. Katika nyumba nyingi ninazozitembelea, saa kumi na moja jioni mvulana anapewa mpira au kitabu, na msichana anapewa ndoo. Halafu matokeo yakitoka tunasema wasichana wa siku hizi hawapendi shule. Yule msichana niliyewasimulia, mama yake na mimi tulikaa tukagawanya kazi upya. Kaka yake wa kidato cha pili alipewa ng'ombe wa jioni. Vyombo vya usiku vikaachiwa yeyote anayeamka kwanza. Msichana akapewa kuanzia saa kumi na moja na nusu mpaka saa moja, mezani, kabla ya kupika, na saa moja nyingine baada ya kula. Saa tatu na nusu kitandani. Baba alinung'unika kwamba chakula kitachelewa, na ni kweli kilichelewa. Walikula saa mbili badala ya saa moja, na hakuna aliyekufa.

Tena usikae na kitabu saa mbili mfululizo. Soma kwa dakika 30 hivi, jiulize, kisha simama. Nyoosha mgongo, nenda nje, kunywa maji, rudi baada ya dakika 5. Anza na somo linalokushinda, ukiwa bado una nguvu. Watoto wengi huanza na somo wanalolipenda ili kujifurahisha, na hesabu inabaki mwisho pamoja na usingizi.

Simu nayo isikae mezani. Usiseme umeizima mlio. Iweke chumba kingine, au umpe mama aishike. Kila ikiwaka jicho linakwenda huko, na fikira zikishatoka shambani kuzirudisha ni kazi. Usiku ni mbaya zaidi, maana anayechukua simu kitandani "kwa dakika moja" hukutana na saa sita usiku. Mzazi, wewe nawe usipige kelele za redio yako mtoto akisoma, hata kama ni kipindi changu. Na kwa sababu tuko Mulot, niseme jambo ambalo kila mtu analijua. Jina la mji wetu limetajwa sana magazetini kwa ulaghai wa simu. Kijana anayekesha na simu si lazima awe anasoma. Muulize.

Sasa niingie katika jambo ambalo watu wa nchi ya chai hawapendi kulisikia. Yule msichana tulimpima damu, na damu yake ilikuwa kidogo. Upungufu wa damu huwapata wasichana zaidi kwa sababu ya hedhi. Dalili zake ni kuchoka upesi, kizunguzungu, moyo kwenda mbio ukipanda mlima, na kushindwa kutuliza fikira. Wengi wenye dalili hizi huitwa wavivu. Damu inatengenezwa kwa madini ya chuma, na madini hayo tunayapata katika nyama, omena, maharagwe, ndengu na mboga za majani kama managu na saga. Lakini chai ikinywewa pamoja na chakula, chuma kilichomo katika maharagwe na mboga hushikwa na chai hiyo. Zaidi ya nusu ya chuma ambacho mwili ungekichukua inaweza kupotea kwa kikombe kimoja. Basi sisemi msinywe chai, nitafukuzwa Bomet. Nasema chai isifuatane na mboga. Ngoja kama saa moja baada ya kula. Badala yake kula chungwa au pera pamoja na chakula, matunda hayo husaidia mwili kukichukua chuma. Msichana aliyechoka kila siku aletwe kituoni apimwe. Usimnunulie vidonge vya kuongeza damu dukani kwa kukisia.

Chai ina kafeini pia, na baada ya saa 5 hivi nusu ya kafeini uliyokunywa ingali mwilini. Kikombe cha saa tatu usiku kinakungoja kitandani saa nane. Mwanafunzi amalize chai yake kabla ya saa kumi jioni. Miraa na vidonge vya kuzuia usingizi sitavijadili hata. Acheni.

Asubuhi mtoto asiende shule na chai ya rangi pekee. Viazi vitamu vilivyobaki jana, uji wa wimbi, au kimyet na mursik, vyote vinafaa. Na minyoo tusiisahau. Kuanzia mwaka wa 1998 Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia shule za msingi huko Busia ambako watoto walipewa dawa ya minyoo, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka wa 2004 walieleza kwamba utoro ulipungua kwa robo. Mtoto asiye darasani hasomi, hilo halihitaji mtaalamu. Siku ya dawa shuleni usimfiche mtoto wako nyumbani.

Kabla sijamaliza, nijibu maswali mawili kati ya yale mliyotuma.

Mama mmoja kutoka upande wa Sigor anauliza: mtoto wangu anasoma sana lakini anakuwa wa mwisho, je, nimpeleke kwa maombi au hospitali? Mama, maombi hayakatazwi. Lakini kwanza simama naye mlangoni umwonyeshe kitu cha mbali, kama maandishi ya bango la duka. Kama wewe unayaona na yeye anakunja macho, tatizo si ubongo. Mpeleke apimwe macho. Nimemuona mvulana aliyenakili kutoka daftari la jirani yake kwa miaka miwili kwa sababu hakuona ubao, na alichapwa kwa hilo. Masikio pia yapimwe, hasa kama aliwahi kutokwa na usaha.

Kijana wa kidato cha nne anauliza: imebaki mwezi mmoja kabla ya mtihani na sijamaliza silabasi, kweli unaniambia nilale? Ndiyo, kijana wangu, lala. Mwezi mmoja una siku 30. Ukipata saa mbili za kujiuliza kwa kila siku, hizo ni saa 60 za kazi ya kweli. Chukua karatasi za mitihani iliyopita. Jibu bila kitabu, sahihisha, na yale uliyoyakosa tu ndiyo uyasome. Usianze kitabu upya kutoka ukurasa wa kwanza, utaishia sura ya tatu ambayo tayari unaijua. Usiku wa mtihani jiulize kidogo jioni, kula, weka kalamu na kitambulisho chako tayari, lala saa tatu. Kama moyo unakwenda mbio, vuta pumzi polepole na uitoe polepole zaidi, mara kumi. Na kama unaona mambo ni mazito mpaka hutaki kuishi, usikae nayo peke yako. Mwambie mwalimu, mzazi, au uje kituoni uniulizie mimi. Nitaacha ninachofanya.

Yule msichana wa mtungi? Mama yake alikuja baada ya wiki sita kuchukua vidonge vya chuma vilivyobaki. Akaniambia binti yake sasa anawasumbua mezani, anawaeleza habari za figo na moyo hata wakiwa wanakula. Matokeo yake ya mtihani ni yake mwenyewe, sitayatangaza redioni.

Wiki ijayo, saa hii hii, tutazungumza juu ya homa ya mapafu kwa watoto wadogo wakati wa baridi. Kwa leo nawapa kazi. Usifungue tena kurasa hizi ukishamaliza kusoma. Chukua karatasi, au mwite aliye karibu nawe, umweleze mambo uliyoyakumbuka: ni mito gani miwili inayofanya Mara, wanafunzi wale walibaki na asilimia ngapi baada ya wiki, chai isubiri muda gani baada ya mboga. Ukikosa moja, vizuri. Fungua uitazame hiyo moja tu, kisha ujiulize tena kesho jioni.